Gharama Kamili ya Siku ya Mpira Nairobi: Namna ya Kuihesabu, Kuipunguza na Kuitetea Bei ya Mwananchi

Mtu akiulizwa Nairobi kwenda uwanjani kunagharimu kiasi gani, hutaja bei ya tikiti na kunyamaza. Jibu hilo liliweza kutosha enzi ambazo shabiki wa Kaloleni, Makongeni au Shauri Moyo alitoka kwake kwa miguu hadi uwanja wa City kando ya Barabara ya Jogoo, akalipa mlangoni, akatazama mpira wake na kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Leo makazi yametanuka hadi Ruai, Githurai, Rongai na Kitengela, mashabiki wengi wanaishi mbali na viwanja, tikiti hununuliwa kwa simu, na mechi nyingine humalizika jioni wakati nauli imekwisha kupanda. Kiingilio ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi hakifiki nusu yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuihesabu gharama yote, namna ya kuilinganisha na ya miongo iliyopita bila kujidanganya, na namna ya kuitumia hesabu hiyo kuzungumza na klabu kabla bei hazijapandishwa.

Umeandikwa kwa shabiki mmoja mmoja na pia kwa matawi ya mashabiki, kwa kuwa ninaamini kwamba soka ya jiji hili ilijengwa na watu wa kipato kidogo, na kwamba siku watakaposhindwa kuingia uwanjani, klabu zetu zitabaki na majina makubwa na majukwaa matupu.

Daftari la siku nzima

Anza kwa kuandika kila shilingi inayotoka mfukoni tangu unapofunga mlango wa nyumba hadi unapoufungua tena. Usikadirie baada ya wiki, kwa maana kumbukumbu hupenda kuacha vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyolemea. Andika nauli ya kwenda na ya kurudi kando kando, kwa kuwa haziwi sawa: matatu iliyokuleta mjini asubuhi kwa bei ya kawaida inaweza kudai zaidi jioni, hasa mvua ikinyesha au umati ukitoka uwanjani kwa pamoja. Andika ada ya kulipia tikiti kwa simu, maji, chai, mayai ya kuchemsha, njugu, na chochote ulichomnunulia mtoto ili asilie njiani. Ikiwa umeacha kazi ili uhudhurie, andika pia ujira ulioukosa, ijapokuwa haukutoka mfukoni.

Tuchukue mfano wa mzazi anayetoka Githurai na watoto wawili kwenda uwanja wa Nyayo. Tuseme nauli hadi katikati ya jiji ni shilingi 80 kwa kila mmoja, na kutoka hapo wanatembea hadi uwanjani kwa kufuata Uhuru Highway. Watu watatu, kwenda na kurudi, ni shilingi 480. Tuseme tiketi ya jukwaa la kawaida ni shilingi 200, bei ambayo mashabiki wa Ligi Kuu wameizoea katika miaka ya karibuni kwa mechi zisizo kubwa sana, na klabu haina bei ya watoto. Hizo ni shilingi 600. Chakula na maji, hata kwa kujibana, ni shilingi 150 kwa kila mmoja, yaani 450. Jumla ni shilingi 1,530, na kiingilio ndani yake ni takribani asilimia 39. Ukimwona mzazi huyo akisita, usidhani kwamba anazionea uchungu shilingi 200 za mlangoni.

Vitu vinavyodumu vihesabiwe kwa namna yake. Jezi ya shilingi 2,000 utakayoivaa katika mechi 20 inaongeza shilingi 100 kwa kila mechi, wala haistahili kutwikwa siku moja. Tarumbeta, skafu na kadi ya uanachama vifanyiwe hivyo hivyo. Mimi hupendelea kuviweka katika ukurasa wa peke yake, kwa sababu jezi ni hiari na nauli si hiari, na hoja nzuri mbele ya uongozi wa klabu ni ile isiyochanganya mambo hayo mawili.

Ukishapata wastani wa mechi kadhaa, zidisha kwa msimu. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, hivyo kila klabu hucheza mechi 34, na 17 kati ya hizo huwa za nyumbani. Mtu mmoja mzima katika mfano wetu hutumia shilingi 510 kwa mechi, yaani 200 za tikiti, 160 za nauli na 150 za chakula. Kwa mechi 17 za nyumbani hizo ni shilingi 8,670, kabla ya jezi na kabla ya safari hata moja ya ugenini.

Kupima kwa saa za kazi

Shilingi peke yake haisemi mengi, kwa sababu thamani yake hubadilika na mapato ya watu hutofautiana. Kipimo ninachokiamini zaidi ni saa za kazi: mtu anayelipwa ujira wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria anahitaji kufanya kazi kwa muda gani ili aone mechi moja? Kuanzia Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika jiji la Nairobi ulifika takribani shilingi 16,113 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi, upate kama shilingi 620 kwa siku. Gawanya tena kwa saa nane, upate kama shilingi 77 kwa saa. Kwa kipimo hicho tikiti ya shilingi 200 ni kazi ya saa mbili na nusu na ushei. Siku nzima ya mpira ya mtu mmoja, shilingi 510, ni saa sita na nusu. Siku ya yule mzazi na wanawe wawili ni karibu siku mbili na nusu za kazi, na msimu wa mtu mmoja ni zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi mzima.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba kinakuwezesha kutazama nje bila kutishwa na tofauti za sarafu. Katikati ya msimu wa 2024/25, Manchester United ilitangaza kwamba tikiti za wanachama zilizobaki zingeuzwa kwa pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee. Ujira wa chini wa kisheria kwa watu wazima nchini Uingereza wakati huo ulikuwa pauni 11.44 kwa saa, kwa hiyo tikiti ile ilidai karibu saa sita za kazi. Usilinganishe saa hizo sita na zile sita na nusu za Nairobi ukadhani umemaliza, kwa maana za kwetu zimebeba nauli na chakula, na za Manchester ni tikiti tupu. Linganisha tikiti na tikiti, siku nzima na siku nzima. Hata hivyo jambo moja linajitokeza wazi: kijana wa Nairobi anayelipa shilingi 200, bei inayoitwa ya chini mno na wanaotaka kuipandisha, tayari anatoa sehemu kubwa ya siku yake ya kazi kwa ajili ya mpira, kwa sababu kiingilio chake hakisafiri peke yake.

Kulinganisha na miongo iliyopita

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mzee atakwambia kwamba alikuwa akiingia uwanjani kwa sarafu chache, na kijana atasema kwamba mpira ulikuwa wa bure siku hizo. Huenda hakukuwa na ubure wowote, kwa kuwa mshahara nao ulikuwa wa sarafu chache.

Kwanza tafuta bei yenyewe, tena kwa ushahidi. Unapowauliza wazee, usiulize kwa jumla jumla. Funga swali kwenye tukio ambalo halisahauliki. Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983. Uwanja wa Kasarani ulikamilika kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na Desemba mwaka huo huo Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi barani Afrika baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis na sare ya 1-1 na Espérance hapa nyumbani. AFC Leopards walilitwaa taji la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Kwa hiyo uliza hivi: “Mzee, mwaka ule Gor walipolichukua kombe la Afrika, mlangoni mlilipa ngapi, nauli ya basi ilikuwa ngapi, na wewe ulikuwa ukilipwa ngapi kwa mwezi?” Majibu matatu ya mtu mmoja kuhusu mwaka mmoja yana thamani kuliko bei kumi zilizookotwa katika miaka tofauti. Mwache azungumze kwa nafasi yake, umpe heshima yake, na uandike hata yale usiyoyauliza, kama vile kama aliingia na watoto au kama aliruka ukuta.

Kisha thibitisha katika magazeti. Makavazi ya Kitaifa kwenye Moi Avenue na Maktaba ya McMillan katika Barabara ya Banda yana hazina ya magazeti ya zamani, na kurasa za michezo za siku ya kabla ya mechi kubwa ndizo za kuangaliwa kwanza, kwa kuwa hapo ndipo viingilio hutangazwa. Andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Bei isiyo na tarehe haifai kitu katika hesabu hii.

Ukiwa na bei na tarehe, igeuze kuwa thamani ya leo kwa kutumia fahirisi ya bei za walaji, ile nambari inayoonyesha kapu la mahitaji ya kawaida limepanda kwa kiasi gani, ambayo hutolewa kila mwezi na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Kanuni ni nyepesi: zidisha bei ya zamani kwa fahirisi ya sasa, kisha gawanya kwa fahirisi ya wakati ule. Ugumu uko mahali pamoja. Mwaka wa msingi wa fahirisi umekuwa ukibadilishwa; kuna mfululizo unaoanzia Februari 2009 na mwingine unaoanzia Februari 2019, na kila mmoja huanza upya na nambari 100. Ukichukua nambari moja kutoka mfululizo wa kale na nyingine kutoka mpya, utapata jibu la kuchekesha. Tafuta mwezi unaopatikana katika mifululizo yote miwili, ugawanye nambari zake kupata uwiano, kisha utumie uwiano huo kuziunganisha. Kazi hiyo inahitaji utulivu zaidi kuliko elimu, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulifanyia tawi lenu.

Usiiruke hatua hiyo kwa kudhani kwamba bei zilipanda polepole. Mwaka 1993 peke yake mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 46 hivi. Kiingilio ambacho hakikubadilika mwaka ule kilikuwa kimeshuka mno kwa thamani, na kiingilio kilichoongezwa kwa theluthi bado kilikuwa kimeshuka. Ndiyo maana lawama au sifa kwa viongozi wa zamani isitolewe kabla ya hesabu kukamilika.

Nauli na chakula vifanyiwe hesabu hiyo hiyo, kila kimoja peke yake. Mnamo Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba lita ya petroli ya super ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa shilingi 217. Wenye matatu walikimbilia kuongeza nauli, na mashabiki wakaathirika hata pale ambapo klabu yao haikugusa kiingilio. Shabiki anayelalamika kwamba mpira umepanda bei anaweza kuwa na haki kabisa, na mweka hazina wa klabu anayesema kwamba bei haijapanda naye akawa na haki. Kila mmoja anasoma safu yake ya daftari.

Yaliyotokea Uingereza yachunguzwe kwa makini

Wengi wetu tunaifuata Ligi Kuu ya Uingereza kuliko yetu wenyewe, na viongozi wa soka hupenda kuitaja kama kielelezo. Basi na tuisome yote, pamoja na sehemu yenye uchungu.

Tarehe 15 Aprili 1989, msongamano katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield uliua mashabiki wa Liverpool, na idadi ya waliopoteza maisha hatimaye ilifika 97. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Taylor, ambao ripoti yake ya mwisho ilitolewa Januari 1990, ulipendekeza kwamba majukwaa ya kusimama yaondolewe na kila shabiki awe na kiti. Ripoti hiyo hiyo ilionya kwamba viti visiwe sababu ya kuwafukuza waliokuwa wakisimama, ikasema kwamba bei inaweza kupangwa ili viti vya chini vilingane na mifuko yao, na ikatoa mfano wa uwanja wa Ibrox wa Glasgow, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na nafasi ya kusimama pauni 4. Chukua hizo pauni 6 na uzizidishe kwa mfumuko wa bei wa Uingereza tangu wakati ule hadi mwisho wa mwaka 2024. Kwa kipimo chochote rasmi hutafika pauni 20. Tikiti ile ya Manchester iliyotajwa juu ilikuwa pauni 66.

Viti viliwekwa, na viwanja vikawa salama zaidi, jambo la kushukuriwa. Lakini maneno kuhusu bei yaliachwa kwenye karatasi. Ligi Kuu ilianzishwa mwaka 1992, haki za televisheni zikaanza kuuzwa kwa mamilioni ya pauni, na mkataba wa ndani wa miaka minne ulioanza msimu wa 2025/26 umefikia pauni bilioni 6.7. Mtu angetarajia kwamba fedha hizo zingepunguza mzigo wa shabiki mlangoni. Haikuwa hivyo, kwa kuwa fedha zilifuatwa na ushindani wa mishahara, na klabu iliyoshindana iliona kila kiti kama chumba cha hoteli cha kukodishwa kwa anayelipa zaidi.

Mashabiki wenyewe ndio walioweka breki. Tarehe 6 Februari 2016, Liverpool walipokuwa wakicheza na Sunderland, maelfu waliinuka na kutoka Anfield katika dakika ya 77, kwa sababu klabu ilikuwa imetangaza tikiti ya pauni 77 katika jukwaa jipya. Siku chache baadaye wamiliki waliondoa mpango huo na kuomba radhi. Mwaka huo huo klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba tikiti ya shabiki wa timu ya ugenini isizidi pauni 30. Ujerumani, ambako kanuni ya 50+1 inawapa wanachama kura nyingi katika klabu zilizo nyingi, majukwaa ya kusimama yamehifadhiwa katika mechi za ligi, lile la kusini la Dortmund likibeba takribani watu 25,000, na tikiti za klabu nyingi humruhusu shabiki kupanda treni na mabasi ya jiji siku ya mechi bila kulipa tena. Wazo hilo la mwisho ndilo ningependa Nairobi ilichukue kabla ya jingine lolote, kwa kuwa linagusa safu inayotuumiza zaidi.

Haya yanatuhusu kwa sababu nasi tuko katika mabadiliko ya viwanja. Oktoba 23, 2010, watu saba walifariki katika msongamano Nyayo siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, na hakuna anayependa mpira anayeweza kupinga milango bora na idadi inayodhibitiwa. Wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mnamo Agosti 2025, baada ya watu wasio na tikiti kulazimisha kuingia Kasarani, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipunguza idadi ya mashabiki katika mechi ya timu ya taifa, Harambee Stars, na Zambia hadi 27,000 na kuagiza tikiti za kielektroniki pekee. Uwanja wa Talanta karibu na Barabara ya Ngong umebuniwa kubeba watu 60,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, mashindano ambayo Kenya inayaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Usalama na viti vitakuja, na vije. Ila atakayesema kwamba usalama ndio unaodai bei kubwa aonyeshwe zile pauni 6 za Ibrox.

Kupunguza gharama ukiwa bado unaenda

Nunua tikiti mapema, kupitia njia iliyotangazwa na klabu au Shirikisho la Soka la Kenya kwenye kurasa zao rasmi, na uhakikishe kabla ya kulipa kwamba jina la biashara linalotokea kwenye simu ni lile lililotangazwa. Walanguzi wa tikiti hustawi katika saa mbili za mwisho, na tikiti ya kielektroniki iliyouzwa mara mbili humwingiza wa kwanza tu. Kufika mapema pia ni usalama, hasa ukiwa na mtoto.

Nyayo na City vinafikika kwa miguu kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo gari la pili ni la kuepukwa mchana. Kasarani ni safari nyingine: matatu za 17B na zile zinazofuata barabara kuu ya Thika hukufikisha karibu, lakini kurudi usiku ndiko kunakopandisha hesabu. Watu kumi na wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana na dereva mmoja tangu mapema, kwenda na kurudi, kwa bei iliyotajwa mbele ya wote, mara nyingi hulipa chini ya nauli ya jioni na hurudi wakiwa pamoja. Kwa mechi za ugenini, mathalani Kisumu au Kakamega, mpango kama huo ndio unaowezesha safari yenyewe.

Chakula kiliwe nyumbani kabla ya kutoka, na maji yapangwe kulingana na masharti ya mlangoni. Si lazima kumnyima mama muuza njugu riziki yake. Panga tu mapema utakachonunua.

Njia iliyo bora kupita zote ni chama, yaani kikundi cha kuweka akiba pamoja. Shilingi 8,670 za msimu zikigawanywa kwa wiki 52 ni kama shilingi 167. Anayeweka shilingi 170 kila wiki, hata wakati ligi imepumzika, hulipa msimu mzima bila kugusa karo wala kodi ya nyumba. Chama cha watu 20 hukusanya shilingi 3,400 kwa wiki, na kikifika kwa klabu kikiwa na fedha mkononi kinaweza kuomba tikiti za msimu kwa bei ya jumla. Mweka hazina awe mmoja, vitabu visomwe kila mwezi, na fedha za mpira zisikopeshwe kwa shughuli nyingine, hata kwa nia njema.

Kuzungumza na klabu

Sasa hesabu iko tayari, na isibaki kabatini. Kabla ya kuandika, itazameni hali ya klabu kwa haki. Klabu zetu hazina mabilioni ya televisheni. Televisheni ya SuperSport iliondoka mwaka 2017, kampuni ya kamari ya SportPesa ikasitisha ufadhili wake mwaka 2019, na fedha za mlangoni ni muhimu kwa mishahara ya wachezaji kuliko zilivyo kwa klabu kubwa za Ulaya. Mechi moja hugharimu kodi ya uwanja, askari, walinzi na ambulensi. Kwa hiyo msiombe mpira wa bure. Ombeni kwamba jukwaa la kawaida libaki na bei moja msimu mzima, debi ya Mashemeji, ile ya Gor Mahia na AFC Leopards, ikiwemo, na nyongeza ikihitajika itafutwe kwanza katika viti vya VIP. Ombeni bei ya watoto. Na ombeni mechi zianze saa ambayo shabiki wa Ruai atapata gari la kurudi kwa nauli ya kawaida.

Hoja ya fedha iandikwe kwa mfano ambao kila mtu anaweza kuukagua. Mashabiki 4,000 kwa shilingi 200 huleta 800,000. Ikiwa kupandisha bei hadi 500 kutabakisha mashabiki 1,000, mapato ni 500,000, na mfadhili anayetafuta macho ya watu ataonyeshwa viti vitupu. Klabu ina takwimu za milango yake. Iombeni izitoe kwa mechi za bei tofauti, ili mjadala uwe wa nambari.

Barua yenyewe iwe fupi na ya heshima. Kwa mfano:

“Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi wanachama wa tawi tumeandika gharama zetu katika mechi za nyumbani za msimu uliopita. Kwa wastani kila mmoja wetu ametumia fedha zilizoonyeshwa katika jedwali, ambazo kiingilio ni sehemu yake ya chini ya nusu. Tunaomba bei ya jukwaa la kawaida isibadilike msimu ujao, watoto wa chini ya miaka 14 walipe nusu, na klabu izungumze na Sacco za matatu kuhusu nauli maalum ya siku za mechi. Tuko tayari kununua tikiti zetu za msimu mapema endapo maombi haya yatakubaliwa.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inaipa klabu fedha kabla ya msimu kuanza, wakati ambapo inazihitaji zaidi.

Kwa AFCON 2027, barua ya namna hiyo ielekezwe kwa kamati ya maandalizi na kwa wizara ya michezo, tena mapema. Mnamo Septemba 2025 FIFA ilitangaza kwamba tikiti za kwanza za Kombe la Dunia la 2026 zingeuzwa kuanzia dola 60 hadi dola 6,730, na kwamba bei zingebadilika kadiri wanaozitafuta wanavyoongezeka. Mfumo huo ukianza kutumika hapa, hakuna daftari litakalomsaidia mtu kupanga, kwa sababu bei ya Jumatatu si ya Jumatano. Ombeni bei isiyobadilika, itangazwe kwa shilingi, na sehemu ya viti vya kila mechi itengewe wakazi kwa kiwango kinachopimwa kwa saa za kazi za mshahara wa chini. Mimi ningependekeza kisizidi saa tatu.

Nakala ya barua ibaki kwa katibu wa tawi pamoja na daftari na jedwali la fahirisi. Jibu likija, lisomwe mbele ya wanachama wote katika mkutano unaofuata; lisipokuja kwa muda wa siku 30, barua ipelekwe tena ikiwa na tarehe ya ile ya kwanza, na safari hii nakala iende kwa shirikisho.